Bwana Msa akitupwa Aktiki: ufafanuzi wa riwaya zinazowapeleka mashujaa wetu kwenye barafu

Kuna aina ya riwaya za kusisimua ambazo huwakwaza wasomaji wengi wa huku Kanda ya Ziwa, hata wale waliozoea kusoma. Umemfuata shujaa mmoja kitabu baada ya kitabu. Umemwona akipenya msituni, akizama baharini, akitoroka jangwani. Halafu unaokota kitabu chake kingine kwenye turubai la muuza vitabu vya mitumba mjini Mwanza, na jalada ni weupe mtupu: barafu, mbwa wanaovuta sleji (kile kigari kisicho na magurudumu kinachoteleza juu ya theluji), dubu mweupe kwa mbali. Unasoma kurasa hamsini na hakuna aliyepigwa risasi. Watu wanatembea, wanakausha soksi, wanagombania mafuta ya jiko. Wengi hukiweka chini hapo.

Maswali yanayoulizwa kuhusu vitabu hivi ni mawili, nayo yamesokotana. Kwa nini waandishi wengi wa mfululizo hufika mahali wakawapeleka mashujaa wao Aktiki, kule kaskazini kabisa mwa dunia? Na hofu iko wapi, ikiwa tunajua kabisa kwamba shujaa hafi kwa sababu ana kitabu kingine mbele? Mimi naamini ukilijibu vizuri swali la pili, la kwanza linajijibu. Ila kwanza tukumbushane shujaa wa mfululizo ni nani.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tunao wa kwetu. Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, alituingia kwa kitabu cha mwaka 1960, na kiko chake, utulivu wake na rafiki yake Najum. Miaka ya 1970 Elvis Musiba akatuletea Willy Gamba, mpelelezi wa kimataifa mwenye bastola, suti na mbio. Ben Mtobwa naye akamleta Joram Kiango. Ukifungua kitabu kipya cha mmojawapo, huanzi upya. Unaingia ukiwa unajua ataongea vipi, atakasirikia nini, atategemea nini akibanwa. Hiyo ndiyo raha ya mfululizo, na ndiyo kamba inayomfunga mwandishi mikono, kwa kuwa msomaji hataki shujaa afe na mwandishi anajua.

Arthur Conan Doyle alijaribu. Mwaka 1893 alimuua mpelelezi wake Sherlock Holmes kwenye maporomoko ya maji huko Uswisi, wasomaji wakaja juu, na miaka kumi baadaye ikambidi amrudishe akiwa hai. Tangu hapo kila mwandishi wa mfululizo anafahamu kwamba kifo cha shujaa ni tishio lisilouzika. Msomaji haliogopi. Basi mwandishi anayetaka kututisha lazima amnyang'anye shujaa kitu kingine. Akimpeleka Nairobi au Hong Kong, shujaa anakwenda na vyote: ubongo, ngumi, fedha, lugha, marafiki wa kupigia simu. Akimpeleka kwenye barafu, vyote hivyo vinabaki mlangoni.

Chukua Willy Gamba na bastola yake. Kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri mafuta ya kulainishia bunduki huwa mazito na silaha hukwama, na chuma kikigusa ngozi tupu yenye unyevu huing'ang'ania. Suti haina maana. Mbio nazo ni hatari, kwa sababu mbio huleta jasho, na jasho kule ni adui. Fridtjof Nansen na Hjalmar Johansen, Wanorwe walioiacha meli yao mwezi Machi 1895 ili watembee kuelekea Ncha ya Kaskazini, waliona jasho lao likigandia ndani ya nguo hadi nguo zikawa ngumu kama bati, na mikono ya koti iliyoganda ikamchubua Nansen vidonda kwenye vifundo vya mikono. Mtu mwenye nguvu anayejituma kupita kiasi hufa upesi kuliko mvivu anayejua kujipima. Kwa shujaa wa mapigano, hapo sifa yake imegeuzwa kuwa kosa.

Lakini aliye hatarini zaidi ni Bwana Msa. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo kiini cha riwaya hizi kilipo, na ndipo wasomaji wengi wanapopapita haraka.

Mwili wa binadamu hufanya kazi kwenye nyuzi joto 37. Ukishuka chini ya 35, mtu huanza kutetemeka kwa nguvu, vidole havifungi kifungo, ulimi unakuwa mzito. Ukishuka zaidi, kutetemeka kunakoma, na hiyo ndiyo dalili mbaya. Kabla ya moyo kusimama, akili huwa imeshapotoka. Mtu anaamua mambo ya ajabu kwa uhakika kamili. Anaketi apumzike. Anabishana na anayetaka kumwokoa. Wengine hufika hatua ya kuvua nguo kwenye theluji wakidhani wanaungua kwa joto, na miili yao hukutwa hivyo. Sasa fikiria mpelelezi ambaye silaha yake ni fikra peke yake. Baridi haimshambulii mkononi wala mguuni kwanza. Inaanza na ile hoja yake nyoofu, inaipinda, na yeye haoni kama imepinda. Tumemwamini Bwana Msa tangu ukurasa wa kwanza kwa sababu hakosei kufikiri. Ukurasa ambao tunaanza kumtilia shaka, huku yeye akiendelea kueleza kwa upole uleule, unatisha kuliko bastola kumi. Na mwandishi hakuhitaji kumuua.

Msomaji wa Mwanza asidhani jambo hili liko mbali naye. Wavuvi wa dagaa wa Igombe, wa Ukerewe, wa visiwa vyote vya huku, wanalijua bila kulisoma. Uso wa Ziwa Victoria una joto la nyuzi kama 25, maji ambayo mchana unaogelea kwa raha. Mtumbwi ukipinduka usiku kwa dhoruba, na mtu akakaa majini saa nyingi akishikilia ubavu wa mtumbwi, anatetemeka meno yakigongana, kisha mikono inalegea. Maji hunyonya joto la mwili takribani mara 25 kuliko hewa ya joto hilohilo, na mwili wa nyuzi 37 ndani ya maji ya nyuzi 25 unapoteza kila dakika. Jaketi okozi linakuzuia usizame lakini halikupashi. Bahari ya Aktiki huganda karibu nyuzi 1.8 chini ya sifuri, kwa hiyo kinachochukua usiku mzima huku, kule kinahesabiwa kwa dakika. Dakika ya kwanza mtu hupigwa na mshtuko wa kupumua ovyo, na akivuta maji hapo amekwisha. Akiutuliza, ana dakika kama kumi ambazo mikono na miguu bado inamtii. Baada ya hapo anaweza kukaa hai muda mrefu kidogo, hata saa nzima, lakini hawezi tena kujisaidia.

Ukizijua hesabu hizo, unasoma tukio la Nansen la Juni 1896 kwa macho mengine. Yeye na Johansen walikuwa wamefunga kayaki zao mbili, ile mitumbwi miembamba ya ngozi, pamoja, zikiwa na kila walichokuwa nacho duniani. Kamba ikaachia, zikaanza kusukumwa na upepo. Nansen akavua baadhi ya nguo, akamwachia mwenzake saa, akajirusha majini. Kayaki zilikwenda kasi kuliko alivyoogelea. Johansen alibaki akitembea huku na huko juu ya barafu, hawezi kumsaidia. Nansen alifika viungo vikiwa vimekufa ganzi, akajiburuta juu, na alipokuwa akipiga kasia kurudi, huku akitetemeka, akawapiga risasi ndege wawili kwa ajili ya chakula. Mwandishi yeyote wa mfululizo angetamani kulibuni hilo. Na hakuna adui ndani yake. Kuna fundo la kamba.

Doyle mwenyewe aliyajua maji hayo. Mwaka 1880, kijana wa miaka 20 akisomea udaktari, alikwenda Aktiki kama mganga wa meli ya kuwinda nyangumi iliyoitwa Hope, akatumbukia baharini mara kadhaa hadi nahodha akamtania kwa jina la ndege mzamiaji. Na bado hakumpeleka Holmes kule. Naona alikuwa na sababu ya kifundi: Holmes anahitaji mji wenye nyayo, magazeti, majivu ya sigara, watu wenye siri. Theluji hufuta nyayo.

Kuna vitu viwili zaidi ambavyo barafu humnyang'anya shujaa, na vyote vinamsumbua msomaji wa Ikweta kwa sababu kwetu havibadiliki. Cha kwanza ni saa. Mwanza iko nyuzi kama 2.5 kusini mwa Ikweta. Siku yetu ndefu na siku yetu fupi hazipishani hata nusu saa, na saa zetu za Kiswahili tunazihesabu kuanzia jua linapochomoza. Hesabu hiyo haiwezi kusimama juu ya mstari wa Aktiki, kwenye nyuzi 66 na nusu kaskazini, ambako majira ya joto kuna siku jua halizami na majira ya baridi kuna siku halichomozi. Pale Nchani lenyewe huchomoza mara moja kwa mwaka na kuzama mara moja. Riwaya zetu za upelelezi zinaishi kwa usiku: mauaji ni ya usiku wa manane, shujaa hunyemelea gizani, mambo hufichuka alfajiri. Aktiki ya Juni haina giza la kujifichia, na ya Desemba haina alfajiri ya kusubiri. Watu hupoteza hesabu ya kulala. Nansen na Johansen walichoka mpaka wakasahau kutia ufunguo saa zao zote mbili, zikasimama, na bila saa sahihi hawakuweza kujua wako umbali gani mashariki au magharibi. Kosa la uchovu wa jioni moja likawafuata miezi mingi.

Cha pili ni ardhi. Aktiki si bara. Ni bahari iliyozungukwa na mabara, na juu yake kuna barafu inayoelea na kusukumwa na upepo na mikondo. (Ndiyo maana pengwini hawako huko, wao ni wa kusini, ambako kuna bara halisi chini ya barafu. Ukikuta dubu mweupe na pengwini kwenye jalada moja, mchoraji hakuuliza.) Kwa mtu wa ziwani, picha iliyo karibu zaidi ni magugu maji: lile zulia la kijani linaloonekana kama shamba, ambalo jana lilikuwa limeziba mwalo wenu na leo upepo umelipeleka mwalo wa jirani. Sasa jione umepiga kambi juu yake. Mwaka 1827 Mwingereza William Edward Parry na watu wake walivuta mashua zao juu ya barafu kuelekea kaskazini kwa majuma, na kila walipopima waligundua kwamba barafu yenyewe ilikuwa inarudi kusini chini ya miguu yao. Walifika nyuzi 82 na dakika 45, wakageuka. Dira nayo haikuokoi kirahisi, kwa kuwa inaelekea ncha ya sumaku, ambayo haiko mahali pamoja na Ncha ya Kaskazini yenyewe. Shujaa aliyezoea kusema "nifuateni" anajikuta hajui anawapeleka wapi, na hana kosa.

Kuhusu chakula sitakawia, ingawa wapo wanaokipenda kuliko yote. Itoshe kusema kwamba ini la dubu mweupe lina vitamini A nyingi kiasi cha kumtia mtu sumu. Kwamba ukila nyama isiyo na mafuta peke yake, unashiba tumbo na mwili unazidi kudhoofu. Kwamba nyama mbichi na ngozi ya nyangumi huzuia kiseyeye, ugonjwa uliowamaliza mabaharia wengi wa Ulaya waliokataa kula kama wenyeji. Na kwamba barafu ya bahari ikizeeka hupoteza chumvi, hivyo anayejua kuichagua anakunywa maji matamu katikati ya bahari. Shujaa mwenye kinyaa ana hali ngumu.

Hapa linakuja suala la adui, ambalo waandishi hutofautiana sana. Walio wavivu huogopa kwamba baridi peke yake itamchosha msomaji, wakaleta majambazi wanaoteleza juu ya theluji na bunduki, na kuanzia hapo kitabu kingeweza kuwa popote. Walio hodari huleta muuaji vilevile, ila wanamweka ndani ya hema moja na shujaa. Huko hakuna anayeweza kumwacha mwenzake. Kila mkono unahitajika kuvuta sleji, kila mwili unahitajika kupasha hema. Shujaa amegundua nani aliyeiba chakula au nani aliyekata kamba, na usiku huohuo inabidi walale wamebanana mgongo kwa mgongo, kwa sababu kumtoa nje ni kupunguza joto la wote. Hukumu inaahirishwa na baridi. Hapo ndipo mpelelezi wa mfululizo anapata jambo ambalo mji haukuwahi kumpa: ukweli anaoujua na hawezi kuutumia.

Jambo la mwisho ni lile ninaloliona zito kuliko yote. Katika vitabu vingi vya aina hii, Wainuiti, wenyeji wa Aktiki, hutokea kama mandhari. Wanaendesha mbwa, wanatabasamu, wanatoweka. Shujaa ndiye anayewaokoa. Kihistoria mambo yalikuwa kinyume. Nguo za ngozi ya kulungu wa kaskazini, nyumba ya theluji ambayo ndani yake joto hukaribia sifuri au kupita kidogo huku nje kukiwa na nyuzi 40 chini yake, namna ya kumngoja sili, mnyama wa baharini, kwenye tundu lake la kupumulia katika barafu, vyote ni ujuzi wa wenyeji. Mwaka 1845 Mwingereza John Franklin aliondoka na meli mbili na kati ya watu 129 waliojiingiza barafuni hakurudi hata mmoja. Mwaka 1909 Robert Peary alipodai kufika Nchani, dai ambalo wataalamu wengi wanalitilia shaka, aliokuwa nao ni Mmarekani mweusi Matthew Henson, aliyejua lugha ya Wainuiti na kuendesha mbwa kama wao, na Wainuiti wanne: Ootah, Egingwah, Seegloo na Ooqueah. Sifa ilikwenda kwa mmoja.

Na yuko Ada Blackjack. Alikuwa mwanamke wa Kiinupiati kutoka Alaska, mama mwenye mtoto mgonjwa wa kifua kikuu, asiyejua kuwinda kwa sababu alilelewa mjini na wamishonari. Mwaka 1921 aliajiriwa kushona nguo za wanaume wanne waliokwenda kukaa kisiwa cha Wrangel, kaskazini mwa Siberia, naye akakubali ili apate fedha za matibabu ya mwanawe. Meli ya kuwapelekea chakula haikufika. Januari 1923 watatu kati ya wanaume hao waliondoka kwa miguu kutafuta msaada, hawakuonekana tena. Wa nne alibaki akiugua kiseyeye, Ada akamuuguza na kuvumilia matusi yake hadi alipofariki mwezi Juni. Akabaki peke yake na paka. Alijifundisha kutega mbweha, kulenga bunduki, kutengeneza mashua ya ngozi, na kukwepa dubu. Agosti 1923 meli ilipofika, ilimkuta hai.

Ninamtaja kwa sababu yeye anaonyesha riwaya ya Aktiki inamtaka shujaa awe nini. Inamtaka ajifunze. Shujaa wa mfululizo kwa kawaida ni mtu aliyekwisha kujua. Tunampenda kwa hilo. Kwenye barafu, anayejua ni mwingine, pengine mtoto wa miaka kumi wa kijiji cha pwani, na shujaa wetu inabidi akae chini afundishwe kuvaa viatu. Mwandishi anayeogopa kumdhalilisha shujaa wake hivyo hatakiandika kitabu hiki vizuri. Vilevile namlaumu mwandishi anayempokonya shujaa vidole viwili vya mguu kwa baridi, kisha katika kitabu kinachofuata anamkimbiza kwenye mapaa ya nyumba kana kwamba hakuna kilichotokea.

Wapo watakaosema Mwafrika Aktiki haaminiki. Tété-Michel Kpomassie wa Togo alikiona kitabu kuhusu Greenland akiwa kijana mjini Lomé, akatoroka nyumbani, akafanya kazi nchi baada ya nchi kwa miaka, na mwaka 1965 akashuka Greenland, akaishi na wenyeji, akala walichokula, akaendesha mbwa. Kisha akaandika. Kwa hiyo anayetaka kuanza kuandika riwaya kama hii kwa Kiswahili, hapa Mwanza, asijizuie kwa sababu hiyo, na wala asianzie kwenye ramani. Aende Mwaloni Kirumba asubuhi, azungumze na wazee waliowahi kupotelea ziwani, awaulize akili yao iliwadanganya nini saa ya nne majini, nani aliyesisitiza waache mtumbwi waogelee, na nani aliyekataa.

Kati ya mashujaa wetu watatu, mimi ningempeleka Bwana Msa. Willy Gamba angevunjika mapema mno na Joram angetafuta njia ya kuondoka. Msa angebaki, angetulia, angechungulia theluji na kueleza kila kitu kwa mpangilio, na Najum angemsikiliza kama anavyomsikiliza siku zote. Kisha siku ya kumi na mbili Msa angesema jambo lenye mantiki safi kabisa: kwamba waliache hema wavuke ule upande, kwa sababu moja, mbili, tatu. Najum angezihesabu zile sababu, asione kosa hata moja, aangalie mikono ya rafiki yake, aone haitetemeki tena, na akatae kwenda.